Daftari la Bibi Mwanapate

Ukurasa wa kwanza una doa la mafuta ya taa
na tarakimu zinazopanda mlima kwa magoti:
"Gofu, Mkomani. Lina popo, lina mpapai sebuleni,
na watu wanasema lina mwenyewe asiyeonekana."
Chini yake, kwa wino mwingine:
"Nimewaacha waseme. Bei imeshuka mia tatu."

Alishona kofia. Mbili kwa mwezi, tatu mwezi wa Shaabani,
tundu kwa tundu, uzi ukizunguka ukingo wa tundu
mpaka kitambaa kikasimama chenyewe.
Kila kofia aliiandika kwa mawe:
hii mawe arobaini, hii pipa la chokaa,
hii ya bwana harusi wa Shela, boriti tatu.
Watoto walikula muhogo.
Mama yangu hadi leo hawezi kuutazama muhogo.
"Ndaa hupita," aliwaambia, "iwe hukaa."
Rahisi kusema, ukiwa wewe ndiye mshika mwiko.

Chumba cha kwanza kilichukua miaka saba.
Akampangisha Mwalimu Kithome, mgeni wa bara,
aliyelipa kila tarehe mbili na kukoroma hadi alfajiri.
Kodi hakuila.
Kodi ilipanda ngazi, ikawa ukuta wa chumba cha pili:
miaka minne.
Viwili vikashikana mikono, vikazaa cha tatu:
miaka miwili kasoro Ramadhani.
Cha nne, miezi kumi na mmoja.

Nilizisoma tarakimu hizo mara nyingi, kidole juu ya karatasi.
Mkono wa mshonaji ulikuwa ule ule,
kofia mbili, kofia tatu.
Waliozidi ni vibarua wake,
kuta, zisizolala,
zisizodai chai ya saa nne.

Kuna aliyemwita mla riba, chini ya dirisha, kwa sauti.
Naye akamjibu daftarini, si dirishani:
"Riba ni pesa kuzaa pesa gizani.
Yangu imebeba mawe mchana, na wewe ukiona."

Ukurasa wa hamsini mwandiko unatoka nje ya mistari.
Hakuandika macho yake yalikwenda wapi.
Ameandika: "Nesi Dhahabu, miezi mitano,
serikali haijamlipa. Haidaiwi.
Chumba cha tano kitangoja."
Na kikangoja. Hakikujengwa.
Boriti zake ziko uani, kuku wanalala juu yake.

Alifariki mwezi wa Rajabu.
Kadhi akaja na hesabu ya namna nyingine,
ile inayogawa.
Alichojumlisha miaka arobaini
kiligawanyika baina ya adhuhuri na alasiri.
Mjomba Shekuwe aliuza fungu lake kabla kahawa haijapoa,
akanunua pikipiki mbili za kubebea watu Mokowe;
moja sasa inauzwa vipande vipande.
Simcheki. Naye alilelewa na ule muhogo.

Mama alipata nusu ya kaka yake, akanipa mimi:
chumba cha juu, kimoja,
mvua ikinyesha nalala na beseni.
Mtu wa miwani myeusi ameniuliza bei mara tatu.
Mara ya tatu nilihesabu vidoleni kabla ya kukataa,
na usiku nikahesabu tena,
maana ni pesa nyingi, na beseni lilikuwa limejaa.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Famau,
nikanunua daftari la shilingi themanini, nikaandika:
"Chumba kimoja, Mkomani. Dari lavuja.
Mpangaji wa kwanza: mimi.
Kodi ya mwezi huu amelipa, tarehe mbili,
kwa kunung'unika.
Imekwisha kuwa chokaa."